Presha ya Baba

2 Machi

Mwanangu,

Salamu zako tumezipata kwenye simu, marahaba. Sisi wazima, ila presha ya baba yako imegoma kushuka. Daktari wa zahanati anasema imetosha hapo ilipo, mzee asiongezewe dawa asije akayumba akisimama. Baba yako amemkatalia uso kwa uso: "Mtoto wangu ni daktari, nangoja aseme." Basi sema. Na wewe unakula? Kwenye ile picha shingo imebaki kama ya kuku.

Mama yako

4 Machi

Shikamoo Mama,

Mimi mzima, na shingo hii nimerithi kwako. Nimetafuta. Kuna utafiti mkubwa wa wazee wenye presha: walioshushwa presha zaidi waliishi zaidi. Huyo daktari wenu anafuata mazoea tu. Nimetuma cheti cha dawa, Baba aongeze kidonge cha pili kila asubuhi.

Mwanao

27 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Sisi hatuko salama. Baba yako aliinuka kitandani, akafika bafuni, akasema "naona giza," akaenda chini. Nyonga imevunjika. Tangu aanze kile kidonge alikuwa hasimami bila kushika ukuta, nami nikimtania kwamba ni uzee. Daktari wa zahanati ndiye aliyembeba kwa gari lake mpaka hospitali. Hakunisema. Aliuliza tu, huo utafiti ulikuwa wa wazee wa namna gani? Jibu wewe.

Mama yako

27 Machi, jioni

Shikamoo Mama,

Nilisoma muhtasari peke yake. Makala yenyewe ilikuwa ya kulipia, nikajiambia hapa panatosha. Leo nimeipata nzima. Wazee ambao presha yao huanguka wakisimama waliachwa nje ya utafiti ule. Wazee kama Baba hawakuwemo, nami sikuuliza hata mara moja apimwe akiwa amesimama. Daktari wenu alikuwa sahihi. Msikilizeni yeye, msinisikilize mimi. Naona aibu, Mama, na naogopa.

Mwanao

28 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Maji yakimwagika hayazoleki, kulia utalia baadaye. Hospitali wanataka kumpasua nyonga, na baba yako ametia pamba masikioni. Anasema mtoto hajasema. Nikamwambia mtoto ndiye aliyetufikisha hapa. Akanijibu, "Ni wangu." Nina hasira nawe, nisikufiche. Lakini bila neno lako hatakubali. Sema, ila safari hii usome kwanza.

Mama yako

29 Machi

Shikamoo Mama,

Nimesoma mwanzo hadi mwisho, kisha nikampigia daktari wa zahanati tukapitia pamoja. Alinisahihisha mara mbili. Wazee wanaopasuliwa mapema husimama tena kwa wingi kuliko wanaoachwa kitandani. Lakini wapo wasioamka, na moyo wa Baba si wa kutegemea. Mwambie mtoto amesema apasuliwe. Kisha mwambie mtoto hajui kama atapona. Msomee yote mawili, tafadhali, usiruke la pili kwa kumhurumia.

Mwanao

30 Machi

Mwanangu,

Nimemsomea yote mawili. La kwanza aliitikia. La pili aliniambia nilirudie, kisha akasema, "Hapo sasa anasema kama daktari," akaomba kalamu atie saini. Wameshamwingiza chumba cha upasuaji. Nimekaa kwenye benchi nje ya mlango, daktari wa zahanati yuko pembeni yangu.

Mama yako