Milimita Tatu za Heshima

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya kwanza kazini, kliniki ya meno. Nilifika kabla ya mfagizi. Koti jeupe nilikuwa nimelipiga pasi mara mbili, na bado mkunjo wa kiwiko uligoma kutoka. Sijui kama Daktari aliuona. Nadhani aliuona. Huyu huona kila kitu.

Makala zake kuhusu fizi nimezisoma zote nilipokuwa chuoni, nyingine mpaka nikawa naweza kuzisema kwa kichwa. Leo nimesimama naye chumba kimoja. Ni mfupi kuliko nilivyomdhania. Sauti ya chini. Hasemi “mgonjwa namba fulani”, husema “yule mama mwenye kicheko.” Asubuhi alimfundisha fundi viatu mmoja kupitisha kiburashi chembamba katikati ya meno. Aliushika mkono wa mzee yule, wakafanya pamoja mbele ya kioo, taratibu, mpaka fundi akasema kumbe miaka yote alikuwa akisugua mlango na kuziacha pembe za chumba. Daktari akacheka, akaomba ruhusa ya kuutumia msemo huo darasani. Ruhusa! Kwa fundi viatu!

Utafiti wake nilioajiriwa kuusaidia ni wa miaka mitatu. Unawahusu watu waliopoteza meno kwa ugonjwa wa fizi, na sasa wamewekewa ya kupandikiza — msumari wa titani ndani ya mfupa, jino bandia juu yake. Nusu yao watafundishwa usafi kwa mkono, kama fundi viatu, na kuitwa tena kila baada ya miezi mitatu. Nusu wataendelea na utaratibu wa kawaida. Kisha swali: ni fizi za nani zitakazolishika pandikizi?

Jibu litategemea mpimaji. Mtu mmoja, mkono mmoja, kijiti cha chuma chenye alama za milimita kinachoteremshwa taratibu kati ya fizi na jino. Kikizama milimita tatu au nne, salama. Kikizama sita, saba, na damu ikafuata, basi mfupa wa chini umeanza kuliwa.

Mpimaji huyo atachaguliwa kati yetu wawili: mimi, na mwenzangu aliyetoka chuo kingine. Muuguzi anayetuandikia namba amekwisha kumwita Kobe, kwa kuwa mdomo mmoja humchukua muda wa kufua na kuanika. Kobe naye amenibatiza mimi Mheshimiwa. Eti nasalimia kama nahutubia bunge.

Nafasi hii naitaka. Naliandika hilo hapa bila aibu, kwa kuwa hapa hapana msomaji.

Jumanne, 4 Machi

Somo la mkono. Kutwa nzima, mkono tu.

Ncha ya kijiti huwekwa chini ya ukucha wa kidole gumba na kusukumwa. Ikiuma, umezidisha. Baadaye tulisukumia kwenye mizani ndogo, tukitazama gramu. Kobe alisukuma kwa macho yaliyofumbwa. Nilidhani ni mbwembwe. Kumbe mshale haukutikisika. Nikiri kwamba nilimwonea kijicho.

Daktari alitueleza jambo ambalo nimekuwa nikilirudia kichwani tangu mchana. Jino hujitetea kwa maumivu, alisema, lakini pandikizi halina neva. Mfupa utaliwa kimya kimya na mwenyewe anatabasamu kwenye picha za harusi. Kwa hiyo kijiti chetu ndicho kinachoumwa kwa niaba yake.

Kisha akatuonyesha eksirei ya mdomo wake mwenyewe. Gego la chini, upande wa kushoto: pandikizi. Aliwekewa na mwalimu wake, marehemu sasa, wakati yeye bado mwanafunzi. Lilikuwa la kwanza mwalimu huyo kuliweka katika maisha yake. “Wenzangu walikimbia,” alisema. “Mimi nikakaa kitini. Hiki ndicho cheti changu cha kwanza.” Picha ilikuwa ya zamani, imeanza kufifia pembeni. Alivyoitazama! Kama mtu anayetazama picha ya mzazi.

Jioni nilimwomba shangazi mizani yake ya jikoni. Alinipa, akauliza kama huko kazini wananilipa kwa kuchoma mizani sindano.

Alhamisi, 6 Machi

Niandike kwa mpangilio.

Leo tulilinganishwa. Utaratibu ni huu: watumishi wa kliniki hujitolea kuketi, mmoja wetu hupima huku mwenzake akiwa nje, kisha tunabadilishana. Namba hutajwa kwa sauti, muuguzi huandika. Tofauti ya milimita moja huvumiliwa. Zaidi ya hapo, mkono wa mmoja una kasoro.

Kwa watumishi wote tulilingana. Nilianza kujisikia. Mwisho Daktari akavua miwani, akakaa kitini yeye mwenyewe, kwa sababu ndiye pekee kati yetu mwenye pandikizi. Mimi nilitangulia.

Meno yake ni safi namna ambayo mtu angeona aibu kuyagusa. Mbili, tatu, mbili. Tatu, mbili, mbili. Nikafika gego la kushoto. Nikateremsha kijiti kwa mkono uleule wa mizani — kikaendelea kuteremka. Kikapita nne. Kikapita tano. Kikasimama kwenye saba.

Niliona vizuri. Taa ilikuwa usoni pake na alama zilikuwa mbele ya macho yangu.

Muuguzi akauliza: ngapi?

Nikasema nne.

Sikupanga. Sauti ilitoka yenyewe, ya adabu, kama mtu anayempisha mkubwa mlangoni. Daktari alikuwa ananitazama kutoka chini, mdomo wazi, na katika macho yale nilikuwa tayari nimeona lile pandikizi aliloachiwa na marehemu mwalimu wake. Nikaendelea na jino linalofuata.

Kobe akaingia, mimi nikatoka. Kupitia mlango nilisikia namba zake zikija moja moja, kwa mwendo wake. Kisha: saba. Kisha: damu ipo.

Daktari alisukutua, akatema maji yenye rangi ya waridi, akamwambia Kobe kwa utani kwamba hakutumwa kuchimba kisima. Akaeleza kwamba fizi zinazozunguka pandikizi hazishiki kwa nguvu kama za jino, na hapo ndipo mkono mzito hujulikana. Kobe alisema ndiyo, Daktari. Akakitazama kijiti chake.

Mimi nilikuwa nafuta meza ambayo tayari ilikuwa safi.

Ijumaa, 7 Machi

Nimechaguliwa.

Daktari alinipa mkono mbele ya wote. Alisema nina mguso. Kobe atafanya mazoezi zaidi kwenye taya la plasta, mkono upungue, kisha asaidie siku ambazo mimi sipo au nimezidiwa. Kobe ndiye aliyekuwa wa kwanza kunipongeza. “Mheshimiwa, sasa usitusahau huko juu.”

Shangazi ameshangilia simuni kwa kaka zake wote. Nimeisukuma sahani pembeni. Nimesema ni uchovu.

Jumapili, 9 Machi

Shangazi aliamua leo kwamba mpimaji mkuu aanze na nyumbani. Meno yake ya juu ni ya kuvua na hulala kwenye kikombe. Ya chini ya mbele yamebaki machache, na anajivunia sana. Alikaa kwenye kiti cha plastiki kibarazani, kichwa nyuma, tochi kaishika mwenyewe.

Nilimpima. Tano. Sita. Sita, na damu. Tano.

“He! Hunipunguzii hata moja?” akasema, tochi ikielekea darini. “Mtoto wa kaka yangu, niliyekubeba mgongoni?”

“Nikikupunguzia, shangazi, nani atakutibu?”

Nilijisikia nikiyasema. Nikabaki nimeshika kijiti hewani.

Yeye alikuwa amekwisha fika mbali, anauliza kama nikimsafisha hizo sita zitarudi kuwa tatu. Nikamwambia ukoga ukiondolewa chini ya fizi, na akitumia viburashi kila siku, huenda. Hapo akataka kuanza papo hapo. Tukafanya mbele ya kioo cha chumbani kwake, mkono wangu juu ya wake, kama nilivyomwona Daktari akifanya. Akatema damu kidogo, akacheka, akasema afadhali ameambiwa na wa kwake kuliko kungoja meno yamwambie yenyewe.

Yeye ana meno ya kumwambia. Pandikizi halisemi.

Jumanne, 11 Machi

Jana nilikwenda ofisini kwa Daktari mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa na mgeni. Mara ya pili alikuwa peke yake, nikamuuliza kuhusu idadi ya glovu.

Leo limetokea jambo baya zaidi.

Wagonjwa wa utafiti wameanza kuja, wengi kuliko ninavyoweza peke yangu. Kobe alipewa mama mmoja, mshonaji, ambaye pandikizi lake la mbele lina fizi nyekundu hata kwa anayepita mbali. Nilikuwa kiti cha pili. Nikamsikia Kobe: nne. Nne. Tatu. Nikajua si kweli. Nikaomba kumwangalia mama huyo kwa kisingizio cha kujifunza. Kijiti kikazama sita bila kusukumwa, damu ikajaa ukingoni.

Nilimvuta Kobe kwenye chumba cha kuchemshia vyombo. Nikamuuliza kulikoni.

“Nimepunguza mkono,” akasema. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililoniumiza. “Nikihisi kinataka kuzama, nakisimamisha. Si nilimtoboa Daktari? Tangu siku ile siuamini tena.” Akanyoosha vidole, akavigeuza, kama mtu anayekagua viatu dukani. “Wewe unajuaje pa kuishia, Mheshimiwa? Nifundishe.”

Mkono ule ambao haukutikisa mshale.

Tulimrekebishia mama mshonaji namba zake, na ataanza matibabu wiki hii. Lakini wale wa kesho? Na wa miaka mitatu? Daktari ataandika kwamba fizi za watu ni salama, watu watamwamini, kwa sababu yeye ni yeye. Na mwenyewe anatembea na saba mdomoni, haumwi.

Kesho. Kabla ya wagonjwa.

Jumatano, 12 Machi

Naandika kwenye benchi la korido. Nimeambiwa nisubiri hapa.

Niliingia ofisini kwa Daktari saa moja na nusu. Nilikuwa nimetunga hotuba nzima, yenye utangulizi. Ikayeyuka. Nikasema: “Daktari, ile nne haikuwa nne.”

Aliweka kikombe chini. “Ilikuwa ngapi?”

“Saba.”

“Ulisoma vibaya?”

“Nilisoma vizuri.”

Nje mfagizi alikuwa anaburuta ndoo. Akaniuliza kwa nini, basi. Nikamwambia kwamba ulikuwa mdomo wake. Nikamwambia na habari ya Kobe, kwamba sasa anasimamisha kijiti kabla ya kufika, na habari ya mama mshonaji. Nilidhani atanifukuza hapo hapo. Nilikuwa nimekwisha vua kitambulisho shingoni.

Hakunitazama. Alipeleka kidole shavuni, upande wa kushoto, akabonyeza, kama anayejaribu kusikia kitu kilicho chumba cha pili.

“Haliumi,” akasema. Akatikisa kichwa, na nusura atabasamu. “Mimi ndiye niliyesema, si ndiyo? Kwenye kila mkutano. Haliumi.” Kisha: “Nawaita watu kila baada ya miezi mitatu. Unajua mara ya mwisho mimi kuitwa ilikuwa lini? Aliyekuwa akiniita alikufa.”



Akasimama, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la koti. Sauti yake ilikuwa ileile ya chini, ya siku zote. “Wewe ulinipa heshima ya milimita tatu. Siku atakapokaa mtu anayefanana na mama yako, utampa ngapi?”

Nikasema sijui.

“Hilo angalau ni jibu la mpimaji. Vaa kitambulisho chako, kuhusu nafasi tutazungumza baadaye. Eksirei pia baadaye. Kwanza nataka mkono.” Akafungua mlango na kumwita muuguzi alete karatasi mpya. Akaniambia: “Mwite mwenzako. Mwambie aje na mkono wake ule mzito. Na usimwambie lolote — akijua, kipimo hakina maana.”

Nimewahi kusoma makala zake zote. Hakuna hata moja niliyoistahi kama sentensi hiyo.

Kobe alikuja akifunga barakoa, uso umemshuka. Alidhani anaitwa kukemewa. Mlangoni akaninong'oneza: “Nimefanya nini tena?” Nikatikisa kichwa tu. Nilitamani kumshika bega.

Sasa yuko ndani ya chumba cha kupimia. Mlango haukufungwa vizuri. Naona kisigino cha Daktari mwisho wa kiti, hakitikisiki, na mgongo wa Kobe umeinama. Anakwenda kwa mwendo wake. Mbili. Tatu. Mbili. Kalamu ya muuguzi inafuata. Upande wa kulia umekwisha. Amehamia kushoto.

Mbili. Mbili. Tatu.

Amefika. Najua amefika, kwa kuwa kiwiko chake kimesimama hewani. Hakishuki, hakipandi.

“Ngapi?” muuguzi ameuliza.

Kobe amekivuta kijiti. Amekirudisha. Kiwiko kinashuka kidogo. Kinashuka tena; safari hii hajakisimamisha kijiti.

“Ngapi, kaka?”