Kumi na Mitano

Jumanne, 4 Machi

Leo nimemfunga mtu akanishukuru.

Mwanamke, msusi, mtaani kwao wanamwita Mama Pacha. Polisi walikuta begi la bangi chini ya kitanda chake. Aliyeliacha ni kaka yake, na kaka mwenyewe keshatoweka. Karani alipomsomea shtaka, nikamuuliza: kweli si kweli? Akajibu: ni kweli mama, begi lilikuwa kwangu, sikatai. Nikaandika amekiri.

Zamani ningetazama. Kosa la kwanza, mjane, watoto mapacha wa miaka sita — ningempa kifungo cha nje, afagie zahanati. Sasa kuna sheria mpya. Mzigo ukifika uzito fulani ni miaka kumi na mitano, haipungui hata siku moja. Hakuna cha mjane wala cha pacha.

Nilisoma hukumu nimeinamia karatasi, mbiombio, kama mtu anayemeza dawa chungu. Feni inapiga kelele juu. Nilipomaliza akakunja goti: "Asante, mama. Mungu akuzidishie." Wakamtoa. Karani akaita kesi nyingine.

Asante ya nini?

Jumatano, 5 Machi

Kesi tatu za sheria mpya kabla ya saa sita. Mwendesha mashtaka akanitania: mheshimiwa, siku hizi ukiugua tutauweka muhuri kwenye kiti chako, kazi itaendelea tu.

Nikacheka. Nilicheka kweli!

Jumapili, 9 Machi

Chakula cha mchana kwa mama mkwe. Wifi yangu ananisifu mbele za watu — wafungeni tu wifi, mitaa inapumua. Mume wangu akadakia: sheria ni msumeno bwana. Mama mkwe akauliza, taratibu tu, kwamba mbona wanaofungwa yeye anawajua wote, ni watoto wa hapa hapa, ila wenye mizigo yao hajawahi kusikia hata mmoja amepelekwa.

Nikajifanya natafuta chumvi. Chumvi ilikuwa mbele yangu.

Jumatano, 12 Machi

Zamu yangu ya kukagua gereza la wanawake. Sijui nianzie wapi.

Limejengwa kwa watu mia mbili. Wamo karibu mia saba. Chumba cha kushonea kimegeuzwa bweni, vyerehani vimerundikwa uani chini ya turubai. Wanalala mzungu wa nne, miguu ya huyu usoni kwa yule. Mmoja akitaka kugeuka anapiga kelele "geuka!" na mstari mzima unageuka. Wengine wanangoja wenzao waamke ndipo nao wajinyooshe. Harufu — basi.

Mkuu wa gereza, mama mnene mwenye sauti ya kuongozea gwaride, alisema zamani lango lake lilikuwa la kuingia na kutoka. Sasa wanaingia tu. Wa miaka kumi na mitano anakalia nafasi ya watu wangapi, mama, wewe piga hesabu mwenyewe. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Tukafika uani. Mtu akapaza sauti: "Huyo! Mama yangu ndiye huyo! Haya, muulizeni!"

Mama Pacha. Amekaa juu ya ndoo, anamsuka mwenzake, chanuo limechomekwa kichwani mwake mwenyewe. Akainuka mbio. Anacheka!

"Mama, hawa wananitisha usiku na mchana. Eti miaka! Nawaambia nina masikio mawili, mama alisema miezi. Miezi kumi na mitano. Mwaka na kitu tu, wanangu hawatakuwa wamenisahau. Waambie, mama."

Uani wote wakanigeukia.

Kumbe ndiyo maana ya ile asante.

Nami nikasema — naandika nilivyosema, neno kwa neno: "Nitaangalia faili."

Faili! Kama vile sijui nilichoandika kwa mkono wangu. Yeye akapiga makofi: "Mmeona? Mmeona?" Wenzake wanajua. Bibi mmoja mwenye mvi aligeuza uso, akatazama ukutani, na niliona wazi kwamba anaona aibu kwa niaba yangu.

Mkuu wa gereza akaniambia njiani kwamba wamemsomea hati yake mara mbili. Anashikilia kwamba karani alikosea kuandika. Wamempelekea fomu ya rufaa, ameikataa. Kukata rufaa kwa miezi kumi na mitano ni kumchokoza hakimu, anasema, na hakimu alimhurumia. Siku zake za rufaa zinakwisha Jumanne.

Nilitamani ardhi ipasuke.

Alhamisi, 13 Machi

Nimelisoma faili nimefunga mlango.

Sikumuuliza kama alijua kilichomo ndani ya begi. Swali moja! Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza analijua. "Begi lilikuwa kwangu" si sawa na "nilijua ni bangi". Nilisikia nusu, nikaandika amekiri, kwa sababu korido ilikuwa imejaa na saa ya chakula imefika, na kwa sababu sheria hii imenizoesha uvivu — adhabu inajulikana, basi hata kuuliza naona ni kupoteza muda.

Jaji akiliona hili anaifuta hukumu. Naye ataandika: hakimu alikosea. Itasomwa kwa sauti.

Kwa hiyo ujinga wake unanifaa mimi. Akiendelea kuamini miezi mpaka Jumanne, hakuna rufaa, hakuna jaji, hakuna aibu. Nimekwisha kuliandika. Sasa siwezi kujidai sikulifikiria.

Ijumaa, 14 Machi

Nimemwambia mume wangu asubuhi, kwenye chai. Akasema kumweleza mfungwa si kazi yangu, ni ya gereza. Nikamwambia gereza wamemweleza, haamini. Basi wakili. Hana wakili. Akakoroga chai kwa muda mrefu, sukari hakuweka.

"Mwezi ujao wanapandisha vyeo," akasema. "Unajua jina lako limo."

"Najua."

"Nasema tu."

Alisema kwa upole, na nilimkasirikia hadi nikaacha chai mezani. Njiani ndipo nikatambua hasira ile haikumhusu yeye. Kasema kwa sauti nilichokuwa nakisema moyoni tangu Jumatano.

Mchana nilimuuliza karani, mzee wa mahakama hii, kama hakimu anaruhusiwa kwenda kuonana na mtu aliyemfunga mwenyewe. Akakuna kidevu. Haikatazwi, akasema, ila tangu aanze kazi hajaona. Kisha akaniangalia: "Kuna nini, mheshimiwa?"

Nikasema hakuna. Mara ya pili wiki hii ninadanganya mtu aliyeniuliza swali la kweli.

Jumamosi, 15 Machi

Sikwenda. Nilifua mapazia. Hayakuwa machafu.

Jumatatu, 17 Machi

Nipo ofisini kwa mkuu wa gereza. Nimeahirisha kesi za asubuhi, nimesema naumwa tumbo. Wamekwenda kumwita Mama Pacha. Naandika huku nangoja.

Fomu ya rufaa iko mezani. Nimeileta na kalamu mbili, sijui kwa nini mbili. Garini nilikuwa najaribu maneno. "Mama Pacha, nilisema miaka." Hayatoki. Nikajaribu kuanzia kwenye kosa langu: "Nilikukosea, lakini kuna njia." Njia ipi? Labda jaji atafuta, labda hatafuta. Akishindwa rufaa, nitakuwa nimemnyang'anya hata ile miezi yake ya uongo inayomfanya acheke.

Mkuu wa gereza ameuliza kama atupishe. Nimemwomba abaki. Akakaa, kofia magotini. Halafu akasema kwamba wengi wa sheria hii hulia wiki ya kwanza, kisha wanajifunza. Huyu hajalia hata siku moja, na yeye mkuu amekuwa akiiogopa siku atakayoanza.

Kuna kelele uani. Nilidhani ugomvi. Ni vigelegele! Askari mdogo ametangulia kuja kueleza, anaona haya: Mama Pacha amewaambia wenzake hakimu amekuja mwenyewe kwa miguu yake, kama si msamaha ni nini? Wamempa kanga safi avae. Amekwisha kugawa sabuni yake. Wanamsindikiza.

Vinasogea. Sasa viko kwenye korido. Nasikia sauti yake katikati, anawaambia wanyamaze, mama asije akakasirika.

Wamenyamaza. Anabisha hodi.

Mkuu wa gereza amesimama, mkono kwenye kitasa. Ananitazama. Ananiuliza, afungue?