Shangazi, Tamthilia Yako Imeisha

Shangazi,

Nakuandikia kutoka sebuleni kwako hapa Smithfield, mbali na kwetu. Ni mchana na mapazia yako wazi. Nimekaa chini kwenye zulia, kwa sababu kiti chako bado kina shimo la mwili wako, na wiki zote hizi halijainuka.

Karakana za mtaa wa nyuma zimefungwa. Helikopta ya polisi inazunguka juu ya mabati ikitukumbusha tukae ndani. Mazishi yako yalihudhuriwa na watu wachache sana, na mimi sikuwa mmoja wao, maana nilikuwa karantini na virusi vile vile vilivyokuchukua. Nilikuzika kwa simu, Shangazi. Picha iliganda pale jeneza lilipokuwa likishuka. Likabaki hewani, halishuki, halipandi, mpaka mtandao ukakatika. Kwa hiyo mimi, kusema kweli, sijakuona ukifika chini.

Unakumbuka ilivyoanza? Mkahawa nilikokuwa naosha vyombo kule Kensington ulikuwa umefungwa, kodi ya chumba ikanishinda, ukaniambia nihamie kwako. Luz, yule Mfilipino uliyekuwa ukifanya naye kazi kwenye nyumba ya wazee, ambaye ukuta wake ndio ukuta wetu, akakutumia tamthilia ya kwao. "Ni ya mapenzi, Roselida. Utaipenda." Hakukwambia ni mapenzi ya vijana wawili wa kiume.

Pale mwanafunzi wa sheria, mtoto wa mkuu wa kijiji, alipomfuta unga shavuni yule kijana wa duka la mikate, uliruka kitini ukasema, "Shetani ashindwe!" ukazima. Mimi nilikuwa jikoni namenya viazi. Nilijikata kidole.

Kesho yake nikakukuta umeiwasha tena. "Nataka tu kuona hawa watu wanapikaje," ukasema. Shangazi, katika sehemu ile yote hakuna aliyepika hata yai.

Wewe, mama wa maombi! Baada ya hapo hukushikika. "Huyu amekonda. Mpeni chakula kwanza, mapenzi baadaye." Na walipokaa kwenye benchi moja wakiogopa kugusana, ulipiga goti lako kwa hasira: "Mbona hawashikani mikono? Watu wanakufa huko nje, na nyinyi mnaogopa mikono!" Baba wa yule mwanafunzi alipomfokea mwanawe mbele ya wageni, ulimnyooshea kidole: "Wewe mzee, utazeeka peke yako, nakwambia."

Hukuniuliza hata siku moja. Ulisema na runinga, lakini sauti uliielekeza jikoni. Nilijua. Na nadhani ulijua kwamba najua. Mimi niliendelea kumenya viazi ambavyo hakuna aliyeviomba.

Kisha kikohozi. Kisha ambulensi, na watu waliojifunika mwili mzima wakikutoa mlangoni. Ulinigeukia ukasema kitu ndani ya ile barakoa ya oksijeni. Sikukisikia. Hospitalini hawakuruhusu mtu kuingia, na hukurudi.

Siku iliyofuata mazishi nililala hapa sebuleni na homa yangu. Jua lilikuwa jeupe, na nyumba imetulia kama imeshika pumzi. Nikakusikia ukicheka.

Sisemi nilikumbuka. Nilisikia. Kile kicheko chako kinachoanza juu na "aii!" halafu kinashukia kifuani. Kilitoka ukutani. Kisha ukasema, "Hebu muone! Hebu muone huyu!" Nilitambaa nikaweka sikio. Plasta ilikuwa baridi, na nyuma yake ulikuwa wewe, mzima, unamcheka mtu. Nilikuita, ukaendelea kucheka. Ikawa hivyo kila alasiri. Nilianza kuingojea saa hiyo, na hilo liliniogopesha kuliko kicheko chenyewe.

Niliporuhusiwa kutoka, nilimkuta Luz anaanika nguo, nikasimama upande wangu wa ua. Nilimuuliza kama naye anakusikia ukicheka. Akaangusha kibanio.

"Samahani, mwanangu," akasema. "Ni simu yangu."

Kumbe ulikuwa ukimtumia ujumbe wa sauti kwa kila sehemu mliyotazama. Unaanza kwa Kiingereza, ukisisimka unaingia Kiswahili, na yeye haelewi hata nusu. Sasa alikuwa anaitazama tamthilia upya tangu mwanzo, na pale ulipocheka, anakuweka kwenye simu ucheke. Akanisihi nimtafsirie. Tukasimama pale, ua katikati, barakoa usoni, nikimweleza maana ya "utazeeka peke yako." Yeye alilia. Mimi nilicheka, halafu nikashindwa kuacha, halafu haikuwa kicheko tena.

Hiyo basi ilieleweka. Ningependa ingeishia hapo.

Sehemu ya mwisho ilitoka Jumapili moja, wewe tayari uko ardhini. Siku hiyo nilikaa kitini pako, ndani ya shimo lako, nikaitazama kwa ajili yako. Yule mwanafunzi alimwendea baba yake hatimaye. Mzee amekaa nje, anakata kucha, hata hainui uso. Kijana akafungua mdomo, akaufunga. Akaufungua tena.

Na ukutani, Shangazi, polepole, kwa sauti ile uliyokuwa ukiniamshia asubuhi, ukasema: "Mwambie, mwanangu. Mwambie tu."

Nilisimamisha picha. Nilitoka nje bila viatu, nikagonga kwa Luz. Mapazia yamefungwa, gari halipo. Nikagonga mpaka mkono ukauma. Alikuja jioni, amevaa sare za kazi, macho mekundu kwa kuunganisha zamu. Simu ilikuwa mfukoni mwake siku nzima. Tulisikiliza jumbe zako zote pale uani, mmoja baada ya mwingine, mpaka ule wa mwisho, ulioutuma kabla ya ambulensi, ambao ni kikohozi na "nitakupigia." Maneno yale hayakuwemo. Yangekuwaje? Sehemu ile ilikuwa haijatoka.

Luz hakushangaa. Alifanya ishara ya msalaba, akasema kwao marehemu hukaa karibu siku arobaini kabla ya kwenda. Kisha akauliza, "Alisema nini?"

Nikamtafsiria. Akanitazama juu ya barakoa yake.

"Hiyo," akasema, "si yangu."

Niliporudi ndani, runinga ilikuwa imeandika swali lake, kama kuna mtu bado anatazama. Chumba kitupu. Nikabonyeza ndiyo, wala sijui nilimjibia nani.

Kesho yake Baba alipiga kutoka Kitale. Kaka yako unamjua. Ataniambia habari za mvua, ataniambia habari za mahindi, halafu ataniuliza nitamletea lini mchumba. Safari hii hakuuliza. Alivuta pumzi, akasema, "Siku zile za mwisho, dada yangu alikuwa anafurahia nini?"

Ningeweza kusema kwaya. Ningeweza kusema Zaburi, na isingekuwa uongo mtupu. Nilitazama kiti chako.

"Tamthilia, Baba. Ya Wafilipino. Vijana wawili wanapendana."

"Kijana na msichana."

"Hapana, Baba. Wote wa kiume."

Nikasikia mbwa akibweka uani kwake.

"Na Roselida aliwatazama hao?"

"Aliwapigia makofi."

Nilijua nikimwacha aseme kwanza, sitasema tena maishani. Nikasema, "Baba, na mimi niko hivyo."

Nyumba ilitulia. Nilitega sikio ukutani, kweli nilitega, nikingoja unisaidie. Hukusema kitu. Hata helikopta ilikuwa imeenda.

"Sijui niseme nini," Baba akasema.

"Najua."

"Usikate simu."

"Sikati."

Tukakaa hivyo. Nilimsikia akivuta kiti. Nilimsikia akizima redio. Nilimsikia akipumua, kama mtu anayepanda kilima na gunia. Huku jua lilikuwa linazama, kwake ni asubuhi, na hakuna aliyesema neno, na hakuna aliyekata, mpaka simu yangu ikazimika kwa kuisha chaji.

Amepiga mara moja tangu hapo. Aliuliza kama nimekula. Lile hakuligusa, lakini la mchumba pia hakuliuliza. Sijui tumefika wapi, Shangazi. Sijui kama huu ni mlango au ni ufa tu. Usiku ule simu ilipozimika, nililala bila kuota.

Na wewe hujasema tena. Luz anakuweka ucheke alasiri, nakusikia, na najua ni simu. Zile siku zake arobaini zimepita.

Kwa hiyo nenda, Shangazi. Nenda bila kugeuka, hapa nitapaweza. Mipaka ikifunguliwa nitapanda ndege hadi kwa kaka yako, nimwambie tena, safari hii akinitazama. Akinifukuza, nitakuwa nimefukuzwa nikiwa mimi. Akinikaribisha, nitakaa. Hilo nakuahidi, na nimelisema kwa sauti hapa sebuleni kabla ya kuliandika.

Pumzika, mama.

Mtoto wa kaka yako,
Barasa