Kuku Asiyekuwemo Kwenye Filamu

Jumamosi, Mitwero. Mawingu tangu alfajiri, lakini mvua yenyewe haishuki. Joto la kunata. Nina hofu ambayo sijui niiweke wapi, ndiyo maana naandika.

Leo mchana nimeitazama ile filamu. Hatimaye! Wenzangu tuliokulia pamoja Mingoyo wanaijua: ya zamani, haina rangi, mtu mmoja ndani ya nyumba kubwa na mlango ambao hataki kuufungua. Ilionyeshwa mara kwa mara kwenye banda la video la baba mdogo Mussa, mume wa mdogo wake Mama. Sisi wasichana hatukuruhusiwa kuingia. Tulikaa nyuma ya ukuta wa makuti tukisikiliza, maana baba mdogo alishika kipaza sauti na kuwatafsiria watu kila kinachosemwa, akibana pua akifika kwa wanawake. Kwa hiyo filamu hiyo naijua yote kwa masikio. Macho ndiyo yalikuwa bado.

Kipande nilichokuwa nakisubiri kwa hamu ni cha mwanamke aliye nje ya mlango. Hapo baba mdogo alikuwa habani pua. Alisema polepole: "Nifungulie basi. Nimerudi. Kuku wa dada atanifia mkononi." Banda zima lilikufa kwa kicheko. Mzungu na kuku, wapi na wapi! Sisi nyuma ya ukuta tulibishana kuku mwenyewe ni wa rangi gani. Baada ya hapo baba mdogo alinyamaza, filamu inaendelea, watu wakimpigia kelele, "Tafsiri, wewe!"

Basi leo nimekaa na kompyuta mapajani, tayari kumwona kuku.

Hakuna kuku.

Hakuna hata mwanamke. Mtu amekaa anautazama mlango, na nje hakuna anayesema lolote. Nikarudisha nyuma, nikatazama tena. Upepo tu. Nikacheka peke yangu, kisha kwa mazoea ya utotoni nikayasema yale maneno juu ya picha, kwa sauti, vile vile alivyokuwa akiyasema yeye.

Mama alikuwa uani anamenya mihogo. Nikamwona kasimama mlangoni na kisu mkononi.

"Nani kakwambia maneno hayo?"

Nikamweleza. Mama hajawahi kukanyaga banda la video. Kwake ulikuwa uhuni mtupu. Akakaa chini, sakafuni.

Mama mdogo Zuhura alipotea nikiwa sijaanza shule. Aligombana na mumewe, akarudi kwa bibi kule Nyangamara. Wakamtuliza, akakubali kurejea kwake. Mama ndiye aliyemsindikiza hadi kwenye lori, jioni, akampa kuku akapike suluhu. Hakuonekana tena. Baba mdogo aliapa kwamba hakumwona. Watu wakasema kashukia njiani, kafuata mwanamume Msumbiji. Bibi alifariki akiwa hataki hata kusikia jina lake. Mama hakuyaamini hayo, ila hakuwa na cha kuwajibu.

Leo anacho. Yule kuku alimpa kwa mkono wake mwenyewe, pale barabarani, bila hata bibi kujua.

"Alifika," akasema. "Mdogo wangu alifika mpaka mlangoni."

Nilianza kumlaani baba mdogo kwa kutomfungulia, Mama akanikata kauli. Sote tumelelewa hivyo, alisema: ukiitwa usiku na sauti ya mtu unayejua yuko mbali, usiitike, wala usifungue. Mussa alijua mkewe yuko Nyangamara na amemnunia. Akasikia sauti yake gizani, inazungumza habari za kuku. "Hata mimi nisingefungua, mwanangu." Kisha akalia. Sijawahi kumwona Mama akilia namna ile, na mimi nikashindwa hata kumshika bega.

Kuna jambo linalonitia baridi katika joto lote hili. Kama alikuwa yeye, baada ya pale alielekea wapi? Nyuma ya nyumba ile ni mikoko na maji. Na kama hakuwa yeye, huyo aliyeita habari za kuku alizijuaje?

Mama hataki kumlaumu mtu. Anataka kujua nyayo zilikwenda upande gani, basi. Na anayeweza kumwambia ni mmoja tu.

Kesho asubuhi tunakwenda Mingoyo. Baba mdogo yupo, mzee sasa, peke yake katika nyumba ile ile, hakuoa tena. Mama hajafika pale tangu enzi zile, salamu hututuma sisi. Ndugu zetu wakubwa husema sauti ya Mama na ya Zuhura zilikuwa moja, hata bibi aliyewazaa alikuwa akizichanganya.

Nimemwuliza tukifika ataanza na lipi. Amesema hataanza na lolote. Atasimama nje, apige hodi mara moja, kisha asubiri.