Mama na Mkanda wa Moyo

Mwaka umetimia, Mama, tangu ulipotuaga, na nyumba bado haijazoea ukimya.

Ulikuwa fundi wa mashine za hospitali kwa miaka ishirini na saba. Mkobani bisibisi ilikaa pamoja na kitana na poda. Mgeni akija na redio inayokwaruza, uliifungua kabla hujaitikia salamu yake.

Ulipofika miaka hamsini na mbili ukatutangazia mezani kwamba unaanza shahada ya uzamivu.

"Ya nini?" Baba akauliza.

"Ya uhandisi, na mifumo ya taarifa, na tiba."

Baba akaweka kijiko chini. "Mke wangu, watu huchagua moja."

Hukuchagua. Ulikuwa umeona wagonjwa wengi mno wakifikishwa hospitali wamechelewa, ukataka kutengeneza mkanda wa kifuani wa kusikiliza moyo wa mtu akiwa kwake na kupeleka habari kwenye kompyuta ya hospitali. Wasimamizi wako walikuwa watatu, na kila mmoja alivutia kwake. Mkanda ukikosea, mhandisi alilaumu programu, mtaalamu wa programu alilaumu waya, daktari akawalaumu wote wawili. Ulirudi nyumbani ukilalamika, "Watoto wale watatu wananimaliza!" Sisi uliotuzaa tukaona wivu.

Wa kujaribiwa tulikuwa sisi. Mjomba, mdogo wako, alisikia joto, akauvua mkanda na kuuanika kwenye kamba ya nguo. Kompyuta ikatangaza moyo umesimama. Gari la wagonjwa likaja mbio, likamkuta anakula mkate.

"Jamani, nani kafa?"

"Wewe!" muuguzi akamjibu kwa hasira.

Tangu siku hiyo mtaa mzima unamwita Marehemu. Wewe ukatumia miezi minne kuufundisha mkanda kumjua mtu na kuijua kamba.

Siku ya kutetea tasnifu yako tulijaza safu ya mbele. Mtahini mmoja, mzee mkali, akasema hicho ni kitu cha kuchezea watoto. Akauvaa mkanda mwenyewe ili akuumbue. Mkanda ukalia. Ukumbi ukacheka, naye akacheka kuliko wote. "Mmeona? Na mimi ni mzima kama kigongo!"

Wewe hukucheka. Ulikuwa unaitazama skrini. "Mwalimu, shahada itangoja. Twende wodini."

Akagoma. Ukamshika mkono mmoja, msimamizi wako daktari akamshika wa pili, akaondoka hivyo hivyo huku anafoka. Akalazwa siku ile ile. Moyo wake ulikuwa unaruka mapigo, na madaktari walisema bila mkanda ule asingemaliza wiki.

Baada ya wiki tatu alikupitisha akiwa kitandani, na pijama yake, ila kwanza alikuuliza maswali kumi na moja. Hata koma hakukusamehe. Kuanzia hapo, mtu akiita "Daktari!" kwenye korido za hospitali, wewe ndiye uliyegeuka wa kwanza.

Ugonjwa wako haukuwa wa moyo, na mkanda haukuweza kutuonya. Mchana wa mwisho ulifumbua macho ukamwambia muuguzi, "Hii mashine inadanganya. Waya wa pili umelegea." Akadhani unaweweseka, lakini akamwita fundi. Kweli, waya ulikuwa umelegea. Fundi akaukaza, ukamwambia, "Ahsante, mwanangu," ukalala.

Unakumbukwa na mumeo, mdogo wako, watoto wako wanne, wakwe na wajukuu zako. Pumzika, Mama. Mioyoni mwetu hutoki.