Kwa Baba Yetu, Mzee Lipu, Aliyebandua Kazi Yake Mwenyewe

Mwaka umekatika leo, Baba, tangu ukuta wa jirani yetu Mama Maziwa ukuangukie. Bado hatujazoea.

Ulikuwa fundi mwashi, na mtaa mzima ulikuita Mzee Lipu. Ukienda kumjulia hali mgonjwa, ulipapasa ukuta kwanza, mgonjwa baadaye. Mama alikutania kwamba ungepata nafasi ungeoa ukuta. Ulicheka, ukaendelea kula huku macho yako yako kwenye dari.

Visima vya gesi vilipochimbwa nyuma ya shule, ardhi ikaanza kutetemeka na nyumba zikapasuka. Hukungoja kuitwa. Ulizunguka na ndoo na mwiko wako, ukaziba nyufa za kila mtu, ukazipaka rangi zisionekane kabisa. Hukutaka watu walale na hofu.

Ndipo wakaja wakaguzi. Walipita nyumba hadi nyumba, wakasema kuta zote ni nzima, kwa hiyo uchimbaji uendelee. Mama Maziwa alikuambia mbele ya watu, "Mzee Lipu, ufundi wako umetuponza."

Hukubisha. Ulisema, "Kweli kabisa. Leteni nyundo, tuanzie kwangu."

Hatujawahi kuona mtaa ukishikana vile. Walimu, mafundi baiskeli, akina mama wenye watoto mgongoni, wote walibandua lipu ili nyufa zionekane, kisha wakaenda kukaa kwenye lango la kampuni ya gesi, wakiimba na kudai wakaguzi warudi. Wewe hukuimba nao. Ulibaki mtaani ukivunja kazi ya mikono yako, na tulikuonea huruma.

Ukuta wa Mama Maziwa ulikuwa wa mwisho. Ardhi ilitikisika, ukuta ukashuka nawe ukiwa chini yake.

Kampuni inasema nyundo yako ndiyo iliyokuua. Tukikubali hivyo, watatujengea nyumba mpya. Kuta za nyumba yetu zinazidi kuachana, Baba. Chumbani kwa Mama upepo unaingia utakavyo. Visima bado vinafanya kazi. Mama Maziwa huja kumchukua Mama, wakaenda kukaa langoni pamoja. Siku hizi wanaokaa pale wamepungua, na hao wawili hawaongei sana. Tumechoka, hatukufichi.

Tunaokulilia ni mkeo, wanao, mkweo, dada yako mshonaji, wajukuu wako na mtaa wako wote. Hatutakusahau maisha yetu yote, Baba. Na hatutasema ni nyundo.