Mlango Uliohamia Sebuleni Kwangu

Alhamisi. Julai imeamua kutukumbusha kwamba Kitengela ilikuwa mbuga kabla ya kuwa mji. Upepo unatoka upande wa Kisaju tangu asubuhi, na jua limejificha kama mdeni.

Nimechoka. Si uchovu wa kazi, maana tangu nistaafu ualimu kazi yangu ni sukuma wiki nyuma ya nyumba na vile vyumba sita vya kupanga nilivyojenga kwa pensheni na mkopo wa sacco. Nimechoshwa na kitu nilichofanya leo asubuhi.

Nimemng'olea Mama Naserian mlango.

Wenye ploti wataelewa. Mpangaji akishindwa na kodi, huku kwetu hatumburuti nje. Tunatoa mlango. Hakuna kelele wala polisi. Mtu analala kwenye chumba kisichofungika usiku mmoja au miwili, halafu anahama mwenyewe. Nilikuwa nikisikia wenzangu wakisimulia haya nikasema mimi siwezi. Kumbe naweza.

Mama Naserian ni mjane. Ng'ombe wao waliisha kwa ukame, akaja mjini na watoto wake wawili, na sasa anauza maziwa kando ya barabara ya Namanga. Chumba changu alikipata kupitia mpango wa serikali wa kusaidia familia zisizo na uwezo: yeye analipa nusu ya kodi, serikali inanilipa nusu iliyobaki. Nilikubali haraka. Nilijiambia kwamba pesa ya serikali ni kama mshahara wa mwalimu, inaweza kuchelewa lakini lazima ifike. Nilisahau kwamba hata huo mshahara tulikuwa tukiupigania barabarani na matawi ya miti mkononi.

Miezi ya kwanza pesa hiyo ilifika. Kisha ikakatika. Sasa mwaka mpya wa fedha umeanza bila fedha. Wakubwa wanavutana juu ya bajeti, kila upande unadai unamtetea mwananchi, na kwenye habari wote wanaonekana wamelala vizuri. Nikipiga simu ofisini hunipokea kijana mmoja mwenye heshima sana. Wiki hii aliniambia, "Madam, tumekwama tu. Bajeti haijapita. Ikipita ndiyo tutajua kama kitu yetu iko ndani."

"Kwani inaweza kosa kuwa ndani?"

"Inaweza kosa, madam. Hata mimi niko kwa kontrakti, sijui kama nitakuwa hapa."

Nilishindwa hata kumkasirikia. Nikamwambia Mungu amsaidie, nikakata simu.

Lakini sacco haijui mambo ya bajeti. Mkopo una siku yake, na siku hiyo haingojei wakubwa wakubaliane. Jirani yangu mwenye ploti ya ghorofa aliniambia kumwacha mama huyo akae ni huruma ya kunifilisi. Nikalala na hayo maneno, nikaamka nayo, nikamwita fundi.

Fundi Mutiso alifungua bawaba bila kuniangalia. Alipomaliza akauliza, "Sasa mwalimu, tuweke wapi?" Hapo ndipo nilipogundua sikuwa nimefikiria mbali. Tukauleta sebuleni kwangu. Umeegemea kabati la vyombo ninapoandika haya, na kwenye komeo bado kuna kamba ya shanga ambayo Naserian aliifunga siku waliyohamia.

Kinachoniuma ni hiki. Mama Naserian hajawahi kukosa nusu yake. Hata mwezi huu alinitumia kwa simu kabla sijamuuliza. Aliyekosa kulipa ni serikali, lakini serikali haina mlango ninaoweza kuufikia.

Mtu amelipa nusu yake, nami nimemng'olea mlango mzima.

Halafu watoto wakatoka shule. Hawa watoto wamelelewa Kimaasai. Wakimkuta mtu mzima hawampi mkono. Wanainamisha kichwa, nawe unakigusa kwa kiganja, ndipo wanaenda zao. Mwanzoni nilikuwa nasahau, basi wanabaki wameinama mbele yangu wakinisubiri kana kwamba nimewapa adhabu. Siku hizi mkono wangu unajua kazi yake.

Leo wamekuta shuka la mama yao limening'inia pale mlango ulipokuwa. Wakasimama kidogo. Naserian akamwambia ndugu yake Lemayian kitu kwa sauti ndogo. Kisha wakaja moja kwa moja kibarazani nilipokuwa nachambua mchele, wakainamisha vichwa.

Nikavigusa. Cha Lemayian kilikuwa baridi.

Afadhali wangenipita.

Nimerudi. Niliacha kuandika nikatoka nje. Mama Naserian alikuwa amefika, anasuuza mitungi yake ya maziwa kwenye mfereji.

"Takwenya," nikamwamkia kwa Kimaasai.

"Iko," akaitikia, kwa sauti ile ile ya kila siku. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Hiyo salamu sikuwa nimejiandaa kwayo.

Nikamwomba anisaidie kubeba kitu. Hakuuliza ni kitu gani.

Mlango wa mbao ngumu si mzigo wa wanawake wawili, mmoja wao akiwa na magoti ya uzee. Tulipumzika mara kadhaa uani, wapangaji wengine wakijifanya hawatuoni. Naserian alituinulia shuka tukapita. Tukausimamisha mahali pake, na kwa kuwa skrubu alienda nazo fundi, tukasogeza jerikani la maji karibu ili wauzuie kwa ndani. Nikamwambia kesho nitamwita Mutiso aje afunge bawaba.

Mama Naserian akatikisa kichwa. "Mwalimu, wacha tu kwanza. Hiyo bajeti ikikataa, utalipa fundi mara mbili."

Nilimtazama usoni nikitafuta kejeli. Haikuwepo. Alikuwa ananihurumia mimi.

Niliona aibu ambayo sijaiona tangu nianze kuitwa mwalimu. Nilitaka kumwomba msamaha, nikaishia kumwambia watoto wavae soksi. Nilipotoka nikasikia jerikani likiburutwa nyuma ya mlango.

Sasa sebule imebaki na alama ya vumbi kwenye kabati. Mkopo bado ni mkopo, na sijui nitaulipa na nini. Kama ile "kitu yetu" iko ndani au haiko, hakuna anayejua, hata yule kijana wa simu.

Lakini mtu anayekupunguzia gharama ya kumfukuza, unamfukuzaje?

Nimempigia Mutiso. Anakuja asubuhi. Nimemwambia alete skrubu ndefu.